Shajara ya Mradi: Madoa ya Jua Yaliyochorwa Mwanza na Picha za Vyombo vya Anga, Septemba 2024 hadi Januari 2025

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mradi umeanza leo asubuhi juu ya majabali ya Kirumba yanayotazama Ziwa Victoria. Tuko sita: walimu wawili wa sekondari, wanafunzi watatu wa kidato cha tatu, na fundi redio mmoja ambaye sote tunamwita Mzee kwa sababu ametuzidi umri kwa mbali. Kusudi letu ni dogo na linapimika. Kila siku ambayo anga litakuwa wazi tutachora madoa ya Jua kwa mkono, kisha tutaulinganisha mchoro wetu na picha iliyopigwa siku hiyohiyo na chombo cha SDO cha Marekani, ambacho kimekuwa kikilitazama Jua tangu kiliporushwa tarehe 11 Februari 2010. Hatutarajii kugundua jambo ambalo chombo hicho hakijaliona. Tunachotaka kujua ni kama habari zinazoletwa na chombo kilichoko kilometa 36,000 juu ya Dunia zinaweza kuhakikiwa na watu wenye lenzi ya milimita 60, penseli na karatasi nyeupe.

Hakuna anayeweka jicho kwenye darubini. Taswira ya Jua inatupwa kwenye karatasi iliyobanwa ubaoni, nasi tunasogeza ubao mpaka duara la Jua lienee sawasawa ndani ya duara la sentimita 15 tulilochora mapema kwa bikari. Darubini ndogo ya kulengea tumeing'oa na kuiacha nyumbani, kwa maana mtoto akichungulia humo mara moja tu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Tunalenga kwa kutazama kivuli cha darubini yenyewe, na kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote tunajua kwamba tumelipata. Kwa kipimo hicho cha sentimita 15, Dunia yetu ingekuwa na ukubwa wa punje ya ulezi. Mwanafunzi mmoja aliweka punje halisi juu ya karatasi, kando ya doa kubwa tuliloliona leo, na doa likaizidi punje.

Picha kamili ya SDO ina nukta 4096 kwa 4096, na chombo hutuma takwimu za terabaiti 1.5 hivi kwa siku. Bando letu la intaneti halina ubavu huo, kwa hiyo tumekubaliana kupakua nakala ndogo.

Jumamosi, 21 Septemba

Wiki nzima imeharibika. Michoro mitano haifanani na picha hata moja. Idadi ya makundi ya madoa inakubaliana, lakini mahali pake hapakubaliani, na la kushangaza zaidi ni kwamba madoa ya SDO yanasafiri kutoka kushoto kwenda kulia siku baada ya siku, ilhali yetu yanatoka kulia kwenda kushoto.

Jambo hili la pili tulilitatua jioni. Darubini yetu inapotupa taswira karatasini hubadilisha mashariki na magharibi kama kioo cha kujitazamia, na dawa yake ni kuushika mchoro kwenye dirisha na kuunakili upande wa nyuma. Tulifanya hivyo, madoa yakashika mwelekeo wa kawaida, lakini bado yalikuwa yamepinda, na kiasi cha kupinda kilitofautiana kati ya mchoro wa asubuhi na ule wa alasiri wa siku ileile.

Jumapili, 29 Septemba

Leo Jua limepita karibu kabisa na utosi wa Mwanza, na ndipo tulipouelewa ubaya wa michoro yetu. Mji uko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Jua likishavuka ikweta tarehe 22 linahitaji siku kama saba kutufikia. Saa 6:39 mchana fimbo ya mita moja iliyosimama wima ilikuwa na kivuli kisichofika upana wa penseli. (Adhuhuri ya Jua haiji saa sita kamili hapa, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari ulioko mashariki yetu kwa zaidi ya nyuzi 12.)

Maelekezo tuliyokuwa tukiyafuata yameandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini ya mbali, ambao Jua kwao la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima, nao wakisema kaskazini ya Jua iko juu wanakaribia ukweli. Kwetu sivyo. Jua linapochomoza mashariki, kaskazini ya anga iko mkono wa kushoto wa mtazamaji; linapozama ziwani, kaskazini hiyohiyo iko mkono wake wa kulia. Maana yake ni kwamba kati ya asubuhi na jioni duara lote la Jua hugeuka nusu mzunguko mbele ya macho yetu, na katika siku kama ya leo sehemu kubwa ya mgeuko huo hutokea katika dakika chache tu za adhuhuri. Aidha, miguu ya darubini yetu ilizuia bomba lake lisielekee juu moja kwa moja, tukakosa dakika hizohizo ambazo zingetufundisha zaidi. Tutahitaji kitako kingine.

Chombo cha anga hakina taabu hii kwa sababu hakina juu wala chini, na picha zake hupangwa kwa mhimili wa Jua lenyewe. Sisi tumeamua kuacha kabisa kuuliza juu ni wapi. Darubini inaachwa imetulia bila kuguswa, Jua linateleza lenyewe karatasini, nasi tunaweka alama za penseli mahali ambapo doa moja linapita. Mstari unaounganisha alama hizo ni mashariki na magharibi ya anga, uwe umesimama, umelala au umechutama. Jua hutumia dakika mbili na sekunde chache kuvuka upana wake lenyewe, muda unaotosha kabisa. Kisha inabaki hatua moja ya hesabu: mhimili wa Jua haulingani na wa Dunia, na mwezi huu kaskazini ya Jua imeinamia mashariki kwa zaidi ya nyuzi 20. Tulipougeuza mchoro wa jana kwa kiasi hicho, makundi yote manne yalikaa juu ya makundi ya SDO. Mwalimu mwenzangu wa jiografia alikunywa chai yake ya tatu bila kusema neno.

Alhamisi, 3 Oktoba

Asubuhi tulichora kundi lenye vurugu nyingi karibu na katikati ya uso wa Jua, lile ambalo wataalamu wamelipa namba 3842. Tulijua kwamba kundi hilo lilitoa mlipuko wa daraja la X7.1 usiku wa kuamkia jana, saa 7:20, wakati Mwanza imelala na Jua liko upande wa pili wa Dunia. Chombo kilichoko mbali huko juu hakijui usiku wetu. Mchoro wa leo haukuonyesha dalili yoyote ya kutisha. Kundi lilikuwa na madoa yaliyobanana bila mpangilio, basi.

Saa 9:18 alasiri simu yangu iliita. Mzee alikuwa kibandani kwake akitengeneza redio ya mteja, na alikuwa amekwishafungua mfuniko wake kutafuta hitilafu kwa sababu vituo vyote vya masafa mafupi vilikuwa vimenyamaza kwa pamoja. "Mwalimu, Jua lenu limefanya nini? Masafa mafupi yote ni mvumo tu, FM inaimba kama kawaida." Nilikimbilia kwenye kompyuta, hata shikamoo niliisahau. Setilaiti za GOES, zinazopima eksirei za Jua, zilionyesha mstari uliopanda kama ukuta: X9.0, mlipuko mkubwa kuliko wote uliokuwa umepimwa katika mzunguko huu wa miaka 11 wa kupanda na kushuka kwa shughuli za Jua, ulioanza Desemba 2019.

Madaraja haya yanakwenda A, B, C, M na X, kila moja likiwa na nguvu mara kumi ya lililotangulia, na namba inayofuata herufi hueleza ni mara ngapi. Eksirei hizo hutumia dakika nane na sekunde ishirini kutufikia, sawa na nuru ya kawaida, kwa hiyo hakuna chombo kinachoweza kututangulizia habari yake. Onyo na tukio hufika pamoja. Zinapogonga upande wa Dunia wenye mchana huongeza chembe za umeme katika tabaka la chini la ionosfera (sehemu ya juu ya hewa ya Dunia yenye chembe za umeme), na tabaka hilo hulimeza wimbi la masafa mafupi ambalo kwa kawaida lingepita na kuakisiwa juu zaidi. Mawimbi ya FM husafiri moja kwa moja kutoka mnara hadi redio bila kuitegemea ionosfera, ndiyo maana muziki wa mjini haukukatika. Kufikia saa kumi na ushei sauti zilianza kurudi. Mzee alifunga mfuniko wa redio ile ambayo haikuwa na ugonjwa, na anasema hakumtoza mwenyewe.

Wanafunzi walisikitika kwamba hatukuuona mlipuko wenyewe. Niliwaeleza kwamba karibu milipuko yote haionekani katika nuru nyeupe ya darubini ndogo, na kwamba SDO huiona kwa sababu hupiga picha katika mionzi ya urujuanimno ambayo hewa ya Dunia haiiruhusu kufika chini. Hata hivyo nadhani redio ya Mzee ndiyo kipimo bora tulichonacho mpaka sasa, na kuanzia leo imeandikwa rasmi katika orodha ya vifaa.

Jambo dogo la kuweka kumbukumbu: vyombo vyote huandika muda kwa saa za kimataifa, nasi tulikuwa tukigeuza kwanza kuwa saa za Afrika Mashariki, kisha kuwa saa za Kiswahili, na tulikosea mara mbili. Njia ya mkato ni kupunguza saa 3 tu. Mlipuko uliandikwa 12:18. Kwetu ni saa 9:18.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, shule imefungwa, na sote tulikuwa ziwani. Nataja mambo mawili ya siku zilizopita. Tarehe 10 wingu la gesi lililotupwa na Jua siku iliyotangulia lilifika na kusababisha tufani ya sumaku, yaani msukosuko wa sumaku ya Dunia, ya daraja la G4, katika kipimo kinachoishia G5. Tofauti na eksirei, gesi hiyo husafiri polepole kiasi cha kupita kwanza kwenye vyombo vilivyowekwa kilometa milioni 1.5 mbele yetu upande wa Jua, mahali ambapo mvuto wa Jua na wa Dunia unakiruhusu chombo kuambatana nasi mwaka mzima. Ikija kwa kilometa 750 kwa sekunde, kutoka hapo hadi kwetu inabaki zaidi kidogo ya nusu saa. Huko ndiko liliko SOHO, lililorushwa tarehe 2 Desemba 1995 na Shirika la Anga la Ulaya pamoja na Marekani, likapotea mwaka 1998 kwa amri zilizotumwa vibaya, likarudishwa, na linafanya kazi mpaka leo. Aditya-L1 ya India ilifika eneo hilohilo Januari mwaka huu.

La pili linahusu kometi ya Tsuchinshan-ATLAS. Kati ya tarehe 7 na 11 ilipita katika picha za SOHO, ambalo huziba uso wa Jua kwa kisahani ili korona, gesi hafifu iliyolizunguka, ionekane. Leo, Jua lilipokwisha kuzama nyuma ya kivuko cha Kamanga, mawingu yalifunguka kidogo na tukaiona wenyewe, mkia umesimama juu ya maji. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakitayarisha taa zao walisema wameiona tangu juzi na hawakuona haja ya kumwambia mtu.

Jumanne, 15 Oktoba

NASA na NOAA, mashirika ya Marekani ya anga na ya hali ya hewa, wametangaza kwamba Jua limeingia katika kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa miaka 11. Mchoro wa leo una makundi saba.

Jumatano, 6 Novemba

Vuli imekaza. Hakuna mchoro tangu tarehe 31.

Leo chombo cha Parker Solar Probe, kilichotumwa na Marekani kulikaribia Jua, kimepita karibu na Zuhura kwa mara ya saba na ya mwisho. Jioni wingu lilipasuka upande wa magharibi na Zuhura ikaonekana, nasi tukaitumia kujibu swali ambalo wanafunzi wamekuwa wakiuliza: kama Jua linavuta kwa nguvu vile, kwa nini chombo kisiachwe kidondoke tu? Jibu ni kwamba Dunia inalizunguka Jua kwa kilometa 30 hivi kwa sekunde, na kila kinachoondoka Duniani huondoka na mwendo huo. Anayejitupa majini kutoka kwenye kivuko kinachokwenda haanguki wima. Anaangukia mbele kule kivuko kinakoelekea. Ili kulikaribia Jua lazima chombo kipunguze mwendo wake wa pembeni, na hakuna roketi ya kubeba mafuta ya kutosha kwa kazi hiyo yote. Kila mara kilipopita Zuhura, Parker iliiachia sayari hiyo sehemu ya mwendo wake, na njia yake ikazidi kusogea ndani. Ilirushwa tarehe 12 Agosti 2018. Imechukua zaidi ya miaka sita ya kupunguza kasi ili mwishowe iende kasi kuliko chochote kilichowahi kutengenezwa na binadamu.

Alhamisi, 28 Novemba

Safari hii waliokwama si sisi. Tarehe 26 bomba la maji ya kupozea lilipasuka huko California katika jengo lenye kompyuta zinazopokea na kuhifadhi takwimu za SDO, maji yakajaa, na huduma ikasimama. Chombo chenyewe ni kizima na kinaendelea kupiga picha. Kilichozama ni ghala. Leo anga la Mwanza lilikuwa jeupe baada ya mvua ya alfajiri, tukachora makundi sita, na kwa mara ya kwanza hatukuwa na picha yetu ya kawaida ya kusahihishia. Mwanafunzi anayetunza daftari ameandika pembeni, kwa wino mwekundu: "Leo tumeaminiana wenyewe." Nimeuacha wino huo ulivyo, ingawa daftari la mradi linatakiwa kuwa na rangi moja.

Jumatatu, 16 Desemba

Tumepata siku nne safi ndani ya wiki moja, jambo la bahati katika msimu huu, na doa moja la mviringo lililoonekana katika siku zote nne. Kati ya tarehe 9 na 15 lilisogea takriban nyuzi 79 za longitudo ya Jua, yaani nyuzi 13.2 kwa siku, ambazo zinatoa mzunguko mmoja kwa siku 27 na kidogo. Dunia nayo husogea karibu nyuzi moja kwa siku kuelekea upande uleule. Ukiijumlisha unapata 14.2 kwa siku, na mzunguko halisi wa Jua unakuwa siku 25 na theluthi moja hivi. Vitabu husema siku 25 karibu na ikweta ya Jua, na zaidi ya hapo kadiri unavyoelekea kwenye ncha zake, kwa kuwa Jua si bonge la mawe bali ni gesi na kila latitudo ina mwendo wake.

Tuliona pia kwamba njia ya doa hilo ilikuwa mstari ulionyooka, ilhali madoa ya Septemba yalipita kwa upinde. Wanafunzi walidhani ni kosa la mkono. Si kosa: Septemba ncha ya kaskazini ya Jua huwa imeinama kwetu kwa nyuzi 7 na ushei, na mwanzoni mwa Desemba hakuna ncha inayoinama kwetu. Kuuona mwinamo wa nyota nzima kwa penseli kumenifurahisha kuliko namba ya siku 25, ambayo kila mtu anaweza kuisoma mahali.

Jumanne, 24 Desemba

Saa 8:53 mchana, kwa ratiba iliyotangazwa, Parker imefika kilometa milioni 6.1 kutoka kwenye uso wa Jua, ikienda kwa takriban kilometa 690,000 kwa saa. Tulikuwa kwenye jabali tukiwa na mwavuli mmoja, na tulichora Jua kupitia mpasuko wa wingu kati ya saa 8:50 na saa 9. Bila shaka hatukuona chochote isipokuwa madoa, na kutoka kwenye chombo hakuna aliyesikia chochote pia, kwa sababu kinapokuwa karibu vile hakiwasiliani na Dunia.

Mjadala wa leo ulikuwa mrefu. Korona ina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, ilhali ngao ya chombo, ya kaboni yenye unene wa sentimita 11.4, inatazamiwa kufikia nyuzi 1,000 hivi tu, na vyombo vilivyo kivulini nyuma yake hubaki kama hali ya hewa ya Mwanza. Mzee hakukubali hata kidogo. Tulimwomba akumbuke tofauti ya kupitisha mkono juu ya hewa ya jiko la mkaa na kuuchovya katika sufuria ya maji yanayochemka: hewa yaweza kuwa na joto kuliko maji, lakini chembe zake ni chache, hivyo hazina moto wa kutosha wa kukuunguza haraka. Korona ni nyembamba mno kuliko hewa yoyote. Alichokubali papo hapo ni kwamba paneli za umeme za chombo hupozwa kwa maji, karibu lita nne zinazozungushwa ndani ya mabomba. "Hilo ni rejeta," alisema, na akaridhika.

Ijumaa, 27 Desemba

Ishara imepokelewa Marekani usiku wa jana kwa saa zao, asubuhi ya leo kwetu: chombo ni kizima. Takwimu zenyewe zitafuata baadaye. Mzee alinitumia ujumbe wa neno moja, "Rejeta."

Jumapili, 5 Januari 2025

Siku hizi mhimili wa Jua, ukitazamwa kutoka Duniani, unalingana na kaskazini ya anga, kwa hiyo hatua ile ya hesabu iliyotusumbua Septemba haihitajiki. Tulipata mstari wa mashariki na magharibi kwa kuliacha Jua liteleze, tukanakili mchoro upande wa nyuma, tukauweka juu ya picha ya chombo iliyochapishwa kwa ukubwa uleule, na kuushika kwenye dirisha. Makundi yote yalikaa mahali pake isipokuwa moja dogo la ukingoni, ambalo chombo kimeliona na sisi hatukuliona kabisa.

Jua litapita tena utosini mwa Mwanza karibu na tarehe 14 Machi. Fundi wa kuchomelea wa Igogo ameahidi kitako kipya, chenye mkono unaoliruhusu bomba kuelekea juu bila kugonga miguu, kabla ya mwisho wa Februari, tumemlipa nusu.